Mwongozo wa kuchagua swichi za nukta elea kwa programu za prosesa za ARM

Anayejenga programu kwa ajili ya prosesa ya ARM ya biti 32, iwe ni ya simu, ya tableti au ya kompyuta ndogo ya ubao mmoja, hukutana mapema na swichi mbili za kompaila zinazowachanganya hata wazoefu: `-mfloat-abi` na `-mfpu`. Wengi huzinakili kutoka mradi mwingine. Programu ikijengeka wanaendelea na kazi, na isipojengeka wanabadilisha neno moja baada ya jingine mpaka makosa yaishe. Njia hiyo ni ya hatari, kwa sababu swichi hizi zinajibu maswali mawili tofauti kabisa. Swali la kwanza ni hili: funksheni moja inapoiita nyingine, namba zenye desimali zinakabidhiwa kupitia wapi? La pili: prosesa itakayoendesha programu inazifahamu amri zipi za hesabu? La kwanza ni suala la mkataba, na mkataba hauamuliwi na upande mmoja. La pili ni suala la maunzi, na jibu lake hutolewa na kifaa dhaifu kuliko vyote unavyokusudia kuvihudumia. Lipo pia swali la tatu, la kulegeza kanuni za hesabu ili kupata kasi, ambalo watu hulikimbilia kwanza ilhali linapaswa kuja mwisho.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: mkataba, maunzi, kisha hesabu yenyewe. Mifano inatumia kompaila ya GCC, ingawa kompaila ya Clang nayo inazielewa swichi karibu zote zitakazotajwa. Ninaposema namba za nukta elea nina maana ya namba ambazo nukta yake haina mahali pa kudumu bali huhama kufuatana na ukubwa wa namba yenyewe, kwa kanuni iliyowekwa na kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2008.

Hatua ya 1: Kiulize kifaa chenyewe

Kabla ya kugusa swichi yoyote, fungua kifaa kinachotumia Linux au Android na usome faili ya `/proc/cpuinfo`. Kwenye mstari wa `Features` utaona orodha ya maneno mafupi, na hayo ndiyo yanayoeleza uwezo wa prosesa. Neno `vfp` maana yake ni kwamba kitengo cha nukta elea kipo. `vfpv3` na `vfpv4` ni vizazi vyake vya baadaye. `vfpd32` inaonyesha kwamba kitengo hicho kina rejista, yaani nafasi ndogo za kushikia namba ndani ya prosesa, 32 za biti 64 badala ya 16. Na `neon` inaonyesha uwezo wa kuhesabu namba kadhaa kwa amri moja. Kwenye prosesa za biti 64 majina hubadilika: utakutana na `fp` na `asimd`, na katika zile mpya zaidi `fphp` na `asimdhp`, ambazo zinahusu namba za biti 16.

Ukiona `fp` na `asimd`, na mfumo endeshi pia ni wa biti 64, nusu ya mwongozo huu haikuhusu. Katika AArch64, yaani mfumo wa amri wa biti 64 wa ARM, kitengo cha nukta elea na amri za vekta (zile za kuhesabu namba kadhaa kwa mkupuo) ni sehemu ya kawaida ya prosesa za aina hii. Rejista ni 32 zenye biti 128 kila moja, mkataba wa kukabidhiana namba ni mmoja, na kompaila ya AArch64 haina kabisa swichi za `-mfpu` na `-mfloat-abi`. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5. Hata hivyo, uwe mwangalifu: prosesa ya biti 64 inaweza kuwa inaendesha mfumo wa biti 32, na hapo sheria zote za biti 32 zinarudi. Amri ya `uname -m` inaonyesha aina ya kerneli tu. Ukitaka kujua programu za mfumo ni za aina gani, tumia `file` juu ya programu yoyote iliyomo ndani ya `/bin`.

Hatua ya 2: Uujue mkataba kabla ya kuandika neno `hard`

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tutakaa kidogo. Swichi ya `-mfloat-abi` inapokea neno moja kati ya matatu: `soft`, `softfp` na `hard`. Njia nzuri ya kuyaelewa ni kuchukua funksheni ndogo kabisa na kutazama kompaila inaigeuza kuwa nini. Andika faili iitwayo `eneo.c`:

```
float eneo(float r)
{
    return 3.14159f * r * r;
}
```

Kisha ijenge kwa `-O2 -march=armv7-a -mfpu=vfpv3-d16 -S`, ukibadilisha kila mara thamani ya `-mfloat-abi`. Swichi ya `-S` huiamuru kompaila isimame baada ya kuandika amri za prosesa katika maandishi, nawe unazisoma kwa macho yako.

Ukitumia `soft`, hutaona amri hata moja ya kuzidisha namba za nukta elea. Utaona `bl __aeabi_fmul` mara mbili: kila kuzidisha kumegeuzwa kuwa mwito wa funksheni ya maktaba inayofanya kazi hiyo kwa kutumia namba nzima peke yake, hatua kwa hatua. Hili ndilo chaguo pekee salama kwa prosesa isiyo na kitengo cha nukta elea, kama zilivyo nyingi za kizazi cha ARMv5, lakini bei yake ni kubwa, kwa kuwa amri moja inageuka kuwa makumi ya amri.

Ukitumia `softfp`, matokeo yatafanana na haya:

```
vmov      s14, r0
vldr      s15, .L3
vmul.f32  s15, s14, s15
vmul.f32  s15, s15, s14
vmov      r0, s15
bx        lr
```

Safari hii kuzidisha kunafanywa na maunzi yenyewe. Tazama, hata hivyo, mstari wa kwanza na ule wa tano. Namba imeingia kupitia `r0`, ambayo ni rejista ya namba nzima, ikahamishiwa kwenye rejista ya nukta elea, ikahesabiwa, kisha ikarudishwa `r0` ili ikabidhiwe kwa mwitaji. Na ukitumia `hard`:

```
vldr      s15, .L3
vmul.f32  s15, s0, s15
vmul.f32  s0, s15, s0
bx        lr
```

Mihamo yote miwili imetoweka, kwa sababu namba imefika ikiwa tayari ndani ya `s0` na jibu linaondoka kupitia `s0`. Kuna prosesa ambazo tofauti hiyo ni ndogo. Lakini katika Cortex-A8, ambayo simu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziliitumia, kuhamisha thamani kutoka upande wa nukta elea kwenda upande wa namba nzima husimamisha prosesa kwa mizunguko ipatayo 20. Programu inayoziita funksheni ndogondogo za hesabu mara milioni moja huhisi gharama hiyo waziwazi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba `soft` na `softfp` zina mkataba mmoja. Zote mbili hukabidhiana namba kupitia rejista za namba nzima, kwa hiyo faili iliyojengwa kwa `softfp` inaunganika bila taabu na maktaba iliyojengwa kwa `soft`. `hard` ina mkataba wake wenyewe. Mwitaji wa `hard` anaiweka namba ndani ya `s0`, na mwitwaji wa `softfp` anaitafuta ndani ya `r0`. Kama wangeruhusiwa kuungana, mwitwaji angesoma takataka na kuirudisha kama jibu halali. Kwa bahati nzuri kiunganishi, yaani programu inayounganisha faili zilizojengwa kuwa programu moja, hugundua tofauti hiyo na kukataa, kikitoa ujumbe wenye maneno `uses VFP register arguments` na kuitaja faili isiyokubaliana. Ukiuona ujumbe huo, usitafute swichi ya kuunyamazisha. Umeambiwa ukweli: kuna faili mbili ambazo hazijakubaliana, na moja kati ya hizo lazima ijengwe upya.

Kanuni ya uchaguzi, kwa hiyo, ni rahisi kuitamka: chagua mkataba uliotumika kujenga maktaba ya C na maktaba nyingine zote utakazounganisha nazo. Katika Debian, toleo la `armel` hutumia mkataba wa `soft`, na toleo la `armhf`, lililoanza rasmi na Debian 7 mwaka 2013, hutumia `hard`. Katika Android, programu za `armeabi-v7a` hutumia mkataba wa `softfp`, hata kama kila simu iliyopo sokoni ina kitengo cha nukta elea. Hakuna faida ya kushindana na jambo hilo; NDK, yaani zana za kujengea programu za Android kwa C na C++, inakuwekea swichi sahihi yenyewe, na aliyeongeza `-mfloat-abi=hard` kwenye mradi wa Android kwa kutafuta kasi amejitafutia matatizo.

Kuna upenyo mmoja halali unaofaa kujulikana. Ukiwa na maktaba ya zamani isiyo na msimbo wake chanzo, iliyojengwa kwa `softfp`, na huna namna ya kuijenga upya, unaweza kutangaza funksheni zake kwa `__attribute__((pcs("aapcs")))`, na kompaila itaziita kwa mkataba wa zamani huku programu yako iliyobaki ikifuata `hard`. Inabidi uweke tangazo hilo kwa kila funksheni inayopokea au kurudisha namba za nukta elea, na kiunganishi bado kinaweza kulalamikia alama za faili yenyewe, kwa hiyo nakushauri uitumie njia hii pale tu ambapo milango mingine yote imefungwa. Funksheni zenye idadi isiyojulikana ya vigezo, kama `printf`, hazina shida hiyo: hata chini ya `hard` hukabidhiwa namba kwa mkataba wa msingi.

Hatua ya 3: Weka kiwango cha maunzi kwa kumwangalia aliye dhaifu

Mkataba ukishajulikana, sasa eleza kwa `-mfpu` ni amri zipi zinaruhusiwa. Hapa makosa hayaonekani wakati wa kujenga. Kompaila itaandika kwa utiifu amri za `neon` kwa ajili ya prosesa isiyo na `neon`, kiunganishi kitakubali, na programu itauawa na mfumo endeshi kwa ishara ya `SIGILL` pale itakapofika kwenye amri ya kwanza isiyojulikana, pengine wiki kadhaa baadaye na ndani ya menyu ambayo hujawahi kuifungua.

Kwa ARM11, ambayo ni ya kizazi cha ARMv6, kiwango ni `vfp`, yaani VFPv2. Kwa ARMv7 chaguo la kuanzia ni `vfpv3-d16`, kwa kuwa ndilo linalokubalika na prosesa nyingi zaidi za kizazi hicho. Ndiyo sababu `armhf` ya Debian imelichagua kuwa msingi wake. Wako wanaodhani kwamba kila prosesa ya ARMv7 ina `neon`. Si kweli. Katika Cortex-A9 `neon` ilikuwa ni hiari ya mtengenezaji, na Tegra 2 ya NVIDIA, iliyotumika katika tableti nyingi za mwaka 2011, haikuwa nayo. Cortex-A7 na Cortex-A15 zina VFPv4, na kwazo unaweza kuandika `neon-vfpv4` endapo una uhakika kwamba hutamhudumia mtu mwenye kifaa cha zamani zaidi.

Kuanzia GCC 8 kuna namna nyingine ya kuandika jambo hilihili, yenye unadhifu zaidi: uwezo unaongezwa kwenye jina la kizazi, kwa mfano `-march=armv7-a+fp` badala ya `vfpv3-d16`, au `-march=armv7-a+simd` badala ya `neon`. Anayehamia matoleo hayo akiwa ameandika `-march=armv7-a` pekee pamoja na `hard` anaweza kushangaa kompaila ikimwambia kwamba prosesa haina kitengo cha nukta elea. Haikukosea, jina la kizazi peke yake halitaji kitengo hicho, na yeye hakukitaja popote.

Ikiwa unataka kunufaika na `neon` bila kuwafungia nje wenye vifaa dhaifu, jenga programu yote kwa `vfpv3-d16`, weka funksheni chache nzito katika faili ya peke yake iliyojengwa kwa `neon`, kisha wakati programu inaanza uliza `getauxval(AT_HWCAP)` na uangalie biti ya `HWCAP_NEON`. Hakikisha tu kwamba faili hiyo ya pekee haina funksheni nyingine yoyote inayoitwa kabla ya ukaguzi, kwa sababu kompaila inaweza kuingiza amri za `neon` hata katika kunakili muundo mdogo wa data.

Kwa upande wa Android mambo yamerahisishwa na wakati. `armeabi` ya zamani iliondolewa katika NDK r17, na tangu r21 `neon` imewashwa bila kuombwa. Google Play nayo imetaka programu zenye msimbo uliojengwa moja kwa moja kwa ajili ya prosesa ziwe na toleo la biti 64 tangu Agosti 2019. Kwenye iPhone, iOS 11 ya mwaka 2017 iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, kwa hiyo swali lenyewe limekwisha huko.

Hatua ya 4: Thibitisha kilichojengwa, usiamini faili ya ujenzi

Faili ya ujenzi inaeleza nia yako. Faili tekelezi inaeleza kilichotokea. Endesha `readelf -A` juu ya programu na kila maktaba yake. Mstari wa `Tag_ABI_VFP_args: VFP registers` ni ushahidi wa mkataba wa `hard`; usipokuwepo, faili hiyo inafuata mkataba wa msingi. `Tag_FP_arch` inataja kizazi cha kitengo cha nukta elea, na `Tag_Advanced_SIMD_arch` ikionekana katika faili uliyodhani haina `neon`, kuna swichi iliyopenya mahali.

Dalili moja imewapotezea watu muda mwingi, nami niitaje hapa. Unanakili programu kwenye kifaa, unaiona kwa `ls`, ina ruhusa zote, lakini ukiiendesha unajibiwa kwamba faili haipo. Faili isiyokuwepo si programu yako, bali ni kipakiaji chake, yaani programu ya mfumo inayoipakia pamoja na maktaba zake. Programu ya `hard` inakitafuta `/lib/ld-linux-armhf.so.3`, na ile ya mkataba wa zamani inakitafuta `/lib/ld-linux.so.3`. Mfumo usio na kipakiaji hicho hauwezi kuianzisha. Amri ya `readelf -l` inaonyesha jina la kipakiaji kinachohitajika, nawe utajua mara moja kwamba umejenga kwa mkataba usio wa mfumo huo.

Mwisho, tafuta mabaki ya uigaji kwa `objdump -d programu | grep __aeabi_`. Ukiona `__aeabi_fmul` au `__aeabi_dadd` kwa wingi, sehemu fulani bado imejengwa kwa `soft`. Usishtuke ukiona `__aeabi_d2lz`: hiyo inageuza `double` kuwa namba nzima ya biti 64, kazi ambayo maunzi ya ARMv7 hayana amri yake.

Hatua ya 5: Chagua ukubwa wa namba kwa kujua unapokwisha

Aina ya `float` ina biti 24 za usahihi, sawa na tarakimu kama 7 za desimali, na `double` ina biti 53. Kwenye vifaa vya mkononi `float` hupendwa kwa sababu inachukua nusu ya nafasi katika kumbukumbu, na rejista moja ya vekta inabeba nne kwa mkupuo mmoja. Kwa ARMv7 tofauti ni kubwa zaidi, kwani vekta za `neon` za kizazi hicho hazijui `double` kabisa. AArch64 ndiyo iliyoziongeza, mbili kwa kila rejista.

Hata hivyo `float` ina ukuta. Namba nzima zote zinawakilishwa sawasawa mpaka 16777216, na ukijumlisha 1 juu ya hapo jibu ni 16777216 ileile. Chukua saa inayohesabu milisekunde ndani ya `float`, ikiongezwa 1 kila mara: baada ya saa 4 na dakika 39 hivi inasimama, bila kosa lolote kutangazwa. Muda, umbali unaojumlishwa na vipande vidogo, na kuratibu za ramani viweke katika `double` au katika namba nzima, na uiache `float` kwa sauti, picha na michoro.

Ukishaamua kutumia `float`, linda uamuzi huo. Katika C, `r * 0.5` si hesabu ya `float`: ile `0.5` ni `double`, hivyo `r` inapandishwa na hesabu kufanywa kwa usahihi maradufu, kisha jibu linashushwa tena. Andika `0.5f`, tumia `sqrtf` na `sinf` badala ya `sqrt` na `sin`, na uwashe onyo la `-Wdouble-promotion`, ambalo litakuonyesha sehemu nyingi kuliko ulivyotarajia.

Namba za biti 16 zinahitaji tahadhari ya pekee. Kikomo chake cha juu ni 65504, na namba nzima zinaanza kurukwa baada ya 2048. Zinafaa sana kuhifadhi vizito vya mitandao ya neva na rangi za picha, lakini jumla yake iweke katika `float`. Hesabu za moja kwa moja za biti 16 zinahitaji prosesa yenye uwezo huo, nao ni wa hiari tangu ARMv8.2; swichi yake ni `-march=armv8.2-a+fp16`, na ukaguzi wakati wa kuendesha ni uleule wa `fphp` na `asimdhp`.

Hatua ya 6: Legeza kanuni moja baada ya nyingine

Swichi ya `-ffast-math` ni furushi. Ndani yake mna ruhusa kadhaa ambazo kompaila isingezichukua bila wewe kuzitoa, na `-Ofast` inalibeba furushi zima bila kulitaja jina. Niliwahi kutengeneza programu ya kukusanya vipimo vya joto kutoka kwenye vihisio, ambamo kipimo kilichokosekana kiliandikwa kama NaN, yaani thamani maalumu ya kusema kwamba hapa hakuna namba, na funksheni ya wastani ilikuwa ikiziruka thamani hizo kwa `isnan`. Kwenye kompyuta ya mezani, iliyojengwa kwa `-O2`, kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye kifaa, kilichojengwa kwa `-Ofast`, wastani wa siku nzima ukawa NaN kila kipimo kimoja kilipokosekana. Nilikagua waya na vihisio kwa siku mbili kabla ya kusoma amri zilizozalishwa na kuona kwamba `isnan` haimo kabisa. Ruhusa ya `-ffinite-math-only` iliyomo ndani ya furushi ni ahadi kwa kompaila kwamba NaN haitatokea kamwe. Kompaila iliiamini ahadi yangu na kulifuta swali.

Tangu hapo nalifungua furushi na kuchukua kipande kimoja kimoja. `-fno-math-errno` karibu haina madhara, na inaiwezesha `sqrtf` kuwa amri moja ya prosesa. `-fno-trapping-math` nayo haidhuru programu isiyotegemea mitego ya makosa ya hesabu. `-fassociative-math` inaruhusu kubadilisha mpangilio wa kujumlisha, na bila hiyo kitanzi cha kujumlisha safu ya `float` hakiwezi kugeuzwa kuwa vekta. Inahitaji iandamane na `-fno-signed-zeros` na `-fno-trapping-math`. Jibu litabadilika katika tarakimu za mwisho, na pengine litakuwa bora, ila halitakuwa lilelile. `-ffinite-math-only` iache, isipokuwa kwa faili ambayo umeisoma yote.

Kwa ARMv7 kuna jambo la ziada. `neon` ya kizazi hicho huzigeuza namba ndogo mno, zile zilizo chini ya takriban 1.18 × 10⁻³⁸, kuwa sifuri, wala hakuna biti ya kuizuia. Kwa kuwa huko ni kwenda kinyume na IEEE 754, GCC haitatumia vekta za `neon` kwa namba za `float` mpaka utoe `-funsafe-math-optimizations`, hata ukiandika `-O3` na `-mfpu=neon`. Wengi wamelalamika kwamba `neon` haijawaongezea kasi, kumbe haijawahi kutumika. Katika vichujio vya sauti kugeuza huko kuwa sifuri ni neema, kwa sababu mwangwi unaofifia hupita katika eneo la namba hizo ndogo, na ARM11 ilikuwa ikizikabidhi kwa msimbo wa kerneli uzishughulikie polepole. Katika AArch64 vekta zinafuata kiwango kikamilifu na sharti hilo halipo.

Hata bila kulegeza chochote, kuna ruhusa moja ambayo GCC imejipa yenyewe. Prosesa zenye VFPv4, na zote za AArch64, zina amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja, ambayo hukadiria mara moja tu mwishoni badala ya mara mbili. Kwa kawaida hilo huongeza usahihi. Sasa tazama `sqrtf(x*x - y*y)` pale `x` na `y` zinapolingana. Kwa kukadiria mara mbili, pande zote ni sawa na jibu ni sifuri. Kwa amri ya pamoja, zao moja limekadiriwa na jingine liko kamili, kwa hiyo tofauti si sifuri bali ni kosa dogo la ukadiriaji, mara nyingine hasi, na kipeuo cha pili cha namba hasi ni NaN. Msimbo uliofanya kazi kwa miaka katika ARMv7 ya zamani unaweza kuanza kutoa NaN siku ulipojengwa kwa biti 64. Dawa ni kuandika `(x - y) * (x + y)`, ambayo ni bora kihesabu popote pale, au kujenga faili hiyo kwa `-ffp-contract=off`. Ikiwa matokeo yako lazima yalingane biti kwa biti kati ya vifaa, kama katika michezo inayochezwa na watu wawili kupitia mtandao, swichi hiyo iweke kwa mradi mzima.

Hatua ya 7: Pima kwenye kifaa chenyewe, na kikiwa na joto

Simu hupunguza kasi ya prosesa inapopata joto, na nyingi zina viini vya aina mbili, vyenye nguvu na vya kubana matumizi ya betri. Kipimo cha sekunde mbili kilichoangukia kwenye kiini chenye nguvu hakielezi chochote. Funga programu kwenye kiini kimoja kwa `taskset`, iendeshe mara kadhaa mfululizo, na uchukue thamani ya katikati. Badilisha swichi moja tu kati ya kipimo na kipimo, la sivyo hutajua ni ipi iliyokusaidia.

Sambamba na muda, hifadhi majibu. Mimi huweka faili ya majibu yaliyotoka kwa `-O2` bila kulegezwa kokote, kisha kila ujenzi mpya unalinganishwa nayo kwa kikomo cha tofauti kilichoandikwa kwa kila funksheni: kwa sauti kikomo ni kipana, kwa vipimo vya umbali ni chembamba sana. Katika majaribio hayo usiache kuweka NaN, sifuri hasi, thamani isiyo na ukomo na namba iliyo chini ya 1.18 × 10⁻³⁸, kwa sababu hizo nne ndizo zinazotofautisha swichi moja na nyingine, ilhali namba za kawaida zitapita zote bila kukuonyesha kitu.

Swichi ulizozichagua ziandike ndani ya faili ya ujenzi kwa ukamilifu wake, `-march`, `-mfpu` na `-mfloat-abi`, hata kama zinalingana na zile ambazo kompaila yako inaziweka yenyewe. Kompaila ya mashine nyingine inaweza kuwa imejengwa na chaguo-msingi tofauti, na kando ya kila swichi ya kulegeza hesabu weka mstari mmoja wa maelezo unaotaja funksheni iliyoihitaji na kipimo kilichoihalalisha.